Kupanga nyumba Uingereza, Ujerumani, Dubai au Japani: fedha ya kupata ufunguo, inayorudi na isiyorudi

Kila mwaka, kuanzia Juni hadi Septemba, barua za kukubaliwa vyuoni na mikataba ya kazi za nje hufika Kigoma, na familia hukaa barazani kupiga hesabu. Nimekaa katika vikao vya namna hiyo mara tatu, kimoja Ujiji na viwili Mwanga, na mara zote nimeona daftari likiandikwa kwa mpangilio uleule: nauli, viza, bima, ada ya chuo, chakula, kisha mstari mmoja tu unaosema "kodi ya chumba kwa mwezi". Mstari huo ndio uliotutesa mara zote tatu. Kodi yenyewe haikupanda, ilikuwa ileile iliyotangazwa, lakini kati ya siku ya kushuka kwenye ndege na siku ya kukabidhiwa ufunguo palikuwa na malipo mengine manne au matano ambayo hakuna aliyeyaandika, na ambayo hutofautiana sana kati ya nchi na nchi. Ninaweka hapa nchi nne ambazo vijana wetu huziulizia zaidi, ili anayechagua achague akiwa na hesabu kamili mkononi.

Tuanze na tunachokijua. Mtu anayetafuta chumba na sebule Gungu, Katubuka au Mlole humtafuta dalali, humpa kiasi kidogo cha kumzungusha, na akiipenda nyumba humlipa dalali huyo kodi ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na wengine hutaka ya mwaka mzima. Baada ya hapo mpangaji hununua umeme wa LUKU, hugawana bili ya maji na wapangaji wenzake, hutoa hela ya taka na ya mlinzi, basi. Anapohama, kwa kawaida hakuna anayekagua kuta wala kuhesabu misumari, na hakuna fedha anayosubiri irudishwe. Tumezoea kulipa mbele, hatujazoea kuweka amana. Mtu wa kwetu anapofika ugenini na kutakiwa kuweka fedha ambayo itarudi akihama, huihesabu moyoni kama imekwisha kuliwa, hapigi picha ya chumba siku ya kuingia, hasomi orodha ya vifaa anayopewa asaini, na mwisho wa mkataba hana cha kujitetea nacho.

Kwa sababu hiyo, katika kila nchi nitayatenga malipo mafungu matatu. La kwanza ni amana, ambayo ni mali ya mpangaji na inapaswa kurudi. La pili ni fedha isiyorudi, yaani udalali, ada na kilemba. La tatu ni gharama zinazofuata nyuma ya kodi kila mwezi bila kutajwa kwenye tangazo, na hizi ndizo hupuuzwa kuliko zote ingawa kwa mwaka mzima zinaweza kuyapita mafungu mengine mawili.

Uingereza

Kwa Kiswahili tunasema Uingereza tukimaanisha ufalme wote, lakini sheria za upangaji za England, Wales na Scotland hazifanani. Ninayoeleza hapa ni ya England, kwa kuwa huko ndiko wanafunzi wetu wengi huelekea.

Hadi mwaka 2019, mpangaji wa England aliweza kutozwa na wakala wa nyumba ada ya kuchunguzwa taarifa zake, ada ya kuandaa mkataba, ada ya kuandika orodha ya vifaa na hata ada ya kuongeza muda wa mkataba. Sheria ya Ada za Wapangaji ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika tarehe 1 Juni mwaka huo kwa mikataba mipya na mwaka mmoja baadaye kwa mikataba yote, iliziondoa ada hizo. Mwenye nyumba au wakala anaruhusiwa kudai kodi, amana isiyozidi kodi ya wiki tano (au wiki sita iwapo kodi ya mwaka inafika pauni 50,000, jambo ambalo halimhusu mwanafunzi), na fedha ya kushikia chumba isiyozidi kodi ya wiki moja. Baada ya kuingia anaweza kudai riba ya kodi iliyochelewa kwa zaidi ya siku 14, gharama halisi ya ufunguo uliopotea, na kwa kawaida si zaidi ya pauni 50 pale mpangaji anapoomba mkataba ubadilishwe. Udalali wa mwezi mmoja, ambao hapa Kigoma hakuna anayeuhoji, kule mpangaji hatozwi kabisa.

Chukua chumba cha pauni 650 kwa mwezi. Kodi ya wiki hupatikana kwa kuzidisha 650 mara 12 na kugawa kwa 52, nayo ni pauni 150. Kwa hiyo fedha ya kushikia chumba haizidi 150, amana haizidi 750, na kwa kuwa ile ya kushikia kwa kawaida huhesabiwa ndani ya kodi ya kwanza au amana, jumla ya kupata ufunguo ni pauni 1,400, ambazo 750 kati yake zinabaki kuwa mali ya mpangaji. Amana hiyo lazima iwekwe ndani ya siku 30 katika mojawapo ya mifuko mitatu inayotambuliwa na serikali, yaani Deposit Protection Service, MyDeposits au Tenancy Deposit Scheme, na mwenye nyumba asipofanya hivyo mahakama inaweza kumwamuru amlipe mpangaji kiasi cha kati ya mara moja na mara tatu ya amana yenyewe. Wakigombana juu ya makato, mfuko husikiliza pande zote bila malipo na kuamua kwa ushahidi wa picha na orodha.

Kwa maelezo haya England inaonekana nyepesi, lakini kuna mlango mwingine wenye kizingiti kirefu, nao ni wa mdhamini. Wenye nyumba wengi hutaka mdhamini anayeishi Uingereza na mwenye kipato cha huko. Mwaka 2023 kijana wa jirani yetu wa Mlole alimtaja mjomba wake, mfanyabiashara anayeheshimika hapa mjini na mwenye nyumba tatu, na jibu lililorudi ni kwamba mdhamini wa nje hakubaliki, hivyo alipe kodi ya miezi sita mbele. Familia ilikubali haraka, na ninaamini ilikubali kwa sababu sharti hilo lilifanana na la nyumbani. Hakuna aliyekaa kuhesabu kwamba badala ya pauni 1,400 sasa zinatakiwa 4,650 kwa siku moja. Ng'ombe wawili na kiwanja cha Kibirizi viliuzwa kwa bei ya haraka.

Anayekwenda sasa ajue kuwa Sheria ya Haki za Wapangaji ya mwaka 2025 imelishughulikia jambo hilo: kwa mikataba inayofanywa kuanzia tarehe 1 Mei 2026, mwenye nyumba binafsi wa England hawezi kudai wala kupokea mbele zaidi ya kodi ya mwezi mmoja. Hosteli kubwa zilizojengwa mahususi kwa wanafunzi zina utaratibu wake na nyingi hulipwa kwa muhula, kwa hiyo aliyezichagua asitegemee kinga hiyo. Tena fedha ya kushikia chumba inaweza kupotea yote iwapo mwombaji atajitoa mwenyewe, atatoa taarifa za uongo, au atashindwa ukaguzi wa haki ya kupanga, ambao hutazama viza na hati zake. Mtu ambaye viza yake haijatoka asilipe fedha hiyo, hata chumba kiwe kizuri namna gani.

Gharama zinazofuata nyuma ya kodi ni umeme, gesi ya kupasha joto nyumba, maji, intaneti, ada ya televisheni kwa anayetazama matangazo ya moja kwa moja (pauni 174.50 kwa mwaka kwa kiwango cha Aprili 2025), na kodi ya halmashauri inayoitwa Council Tax. Hii ya mwisho ni nzito, lakini nyumba inayokaliwa na wanafunzi wa muda wote peke yao imesamehewa, mradi wapeleke barua ya chuo kwenye halmashauri. Akiingia kati yao mtu mzima mmoja asiye mwanafunzi, mathalani mwenza anayefanya kazi, msamaha huo huondoka na nyumba hudaiwa kwa punguzo la asilimia 25 tu. Wanandoa wanaokwenda pamoja waandike kodi hii katika daftari lao kabla ya kuondoka.

Ujerumani

Ujerumani ndiko aliko binti wa dada yangu, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi kidogo.

Tangazo la nyumba la Kijerumani huwa na bei mbili. Ya kwanza, Kaltmiete, ni "kodi baridi", yaani pango tupu. Ya pili, Warmmiete, ni "kodi yenye joto", ambayo ni pango pamoja na makadirio ya kupasha nyumba joto, maji, taka, usafi wa ngazi na mengineyo. Umeme wa mpangaji mwenyewe na intaneti kwa kawaida havimo hata katika bei ya pili. Kijana akilinganisha kodi baridi ya Ujerumani na kodi ya chumba cha England kinachotangazwa pamoja na bili zote, atakuwa analinganisha migebuka ya kilo na migebuka ya fungu, na Ujerumani itaonekana rahisi kuliko ilivyo.

Sheria ya kiraia ya nchi hiyo inaweka kikomo cha amana kuwa kodi baridi ya miezi mitatu. Kwa mtazamo wa kwanza ni nyingi kuliko wiki tano za England. Lakini sheria hiyohiyo inampa mpangaji haki ya kuilipa kwa mafungu matatu sawa, la kwanza mwanzoni mwa upangaji na mawili yaliyobaki pamoja na kodi ya miezi miwili inayofuata. Chukua kodi baridi ya euro 500 na makadirio ya euro 150. Amana yote ni euro 1,500, ila mwezi wa kwanza mpangaji hutoa 650 za kodi na 500 za amana, jumla 1,150, na hivyo hivyo mwezi wa pili na wa tatu, ndipo anapopumua na kubaki na 650. Wenye nyumba wengi huandika katika mkataba kwamba amana ilipwe yote kabla ya ufunguo, na wageni huitoa yote kwa kutojua haki yao. Binti yetu aliandika barua fupi ya heshima akiomba mafungu matatu kama sheria inavyoruhusu, naye mwenye nyumba akajibu kwa neno moja la kukubali. Mwenye nyumba pia anatakiwa kuiweka amana mbali na mali zake, katika akaunti yenye riba, na riba hiyo ni ya mpangaji.

Udalali umepangwa kwa kanuni iliyoanza tarehe 1 Juni 2015, kwamba anayemwagiza dalali ndiye anayemlipa. Kwa kuwa mara nyingi aliyemwagiza ni mwenye nyumba, mpangaji hana deni lolote kwa dalali. Akimwagiza yeye mwenyewe kwa maandishi, ada haiwezi kuzidi kodi baridi ya miezi miwili pamoja na kodi ya ongezeko la thamani.

Kwa karatasi, basi, fedha isiyorudi ni sifuri, sawa na England. Nami nilimwambia dada yangu hivyo, na kwa jambo moja nilikosea.

Siku binti alipopokea ufunguo alitupigia simu ya video akatuzungushia nyumba. Sebule ilikuwa nyeupe na safi, bafu lina kila kitu. Kisha akafungua mlango wa jikoni. Palikuwa na kuta nne, dirisha, bomba mbili zimetokeza ukutani zikiwa zimefungwa vizibo, soketi kubwa ya jiko yenye nyaya zilizofunikwa kwa plastiki, na juu ya dari waya ulioning'inia bila hata kishikio cha balbu. Hapakuwa na sinki, jiko wala kabati. Mpangaji aliyetangulia alikuwa amehama na jiko lake lote, na huko hilo ni jambo la kawaida kabisa, kwa maana nyumba nyingi hupangishwa bila jiko, na mpangaji hununua lake au humlipa anayetoka ili amwachie. Kwa wiki tano alipikia plati moja ya umeme aliyoiweka sakafuni, akiosha dagaa alizobeba kutoka Kibirizi kwenye karo la kunawia la bafuni, akiziba tundu kwa kitambaa ili vichwa visiingie kwenye bomba. Fedha aliyoitoa hatimaye kununua jiko lililotumika ilikaribia mafungu mawili ya amana. Alipohama aliliuza kwa nusu ya alichotoa.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba kwa Ujerumani swali la kwanza kwa mwenye nyumba liwe kama jiko lipo na ni la nani. Chumba katika nyumba ya kushirikiana au katika hosteli za jumuiya za huduma kwa wanafunzi, zinazoitwa Studierendenwerk, hukwepa tatizo hili lote, kwani jiko huwa lipo, bei hujumlisha karibu kila kitu na amana huwa ndogo. Foleni ya hosteli hizo ni ndefu katika miji mikubwa, hivyo maombi yapelekwe mara tu barua ya chuo inapofika, si baada ya viza.

Kila mwezi hufuata mchango wa redio na televisheni, euro 18.36 kwa nyumba moja, na hulipwa hata kama nyumba haina televisheni. Watu watatu wakiishi pamoja huugawa. Mwisho wa mwaka hufika hesabu ya makadirio: mwenye nyumba hulinganisha alichopokea na kilichotumika, kisha humrudishia mpangaji kilichozidi au humdai kilichopungua. Ana miezi 12 tangu kipindi cha hesabu kiishe kuileta, na akichelewa kwa uzembe wake hupoteza haki ya kudai nyongeza. Mtu wa kwetu ambaye hajawahi kuishi na baridi ya Januari hufungua vipasha joto usiku kucha, na hesabu hiyo humfikia mwaka unaofuata kama deni la ghafla. Anayetokea kando ya Tanganyika aweke akiba ya walau kodi ya nusu mwezi kwa ajili yake.

Jambo lingine lisilo na bei lakini lenye thamani ni kwamba anayehamia nyumba anatakiwa kujiandikisha katika ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili, akiwa na karatasi ya uthibitisho kutoka kwa mwenye nyumba. Chumba cha bei ya chini ambacho mwenyewe anakataa kutoa karatasi hiyo ni ghali kuliko vyote, kwa kuwa bila kujiandikisha namba ya kodi ya mapato na kibali cha kukaa hukwama.

Dubai

Dubai ina wafanyabiashara wetu wengi na vijana wa hoteli, na mtindo wake wa malipo unafanana na wa Kigoma kuliko England au Ujerumani: kodi hutajwa kwa mwaka na hulipwa kwa mkupuo mkubwa. Tofauti ni kwamba hulipwa kwa hundi zenye tarehe za mbele, moja, mbili, nne au zaidi kwa mwaka, na kadiri hundi zinavyokuwa chache ndivyo bei inavyoweza kujadiliwa ipungue. Kwa mgeni asiye na akaunti ya benki na kitabu cha hundi, hilo peke yake ni kikwazo.

Nyumba ya dirhamu 48,000 kwa mwaka, ikilipwa kwa hundi nne, inataka 12,000 mwanzoni. Amana, kwa desturi ya huko, ni asilimia 5 kwa nyumba isiyo na samani, yaani 2,400, na asilimia 10 kwa yenye samani. Udalali nao kwa desturi ni asilimia 5, ambao pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ni 2,520. Kuandikisha mkataba katika mfumo wa serikali unaoitwa Ejari ni takribani 220. Mamlaka ya maji na umeme, DEWA, hutaka amana yake ya 2,000 kwa nyumba ya ghorofa, na 4,000 kwa nyumba ya peke yake. Jumla ni dirhamu 19,140, karibu kodi ya miezi mitano, na kati ya hizo 2,740 hazirudi. Kila mwezi, ndani ya bili ya umeme, huja ada ya manispaa ambayo ni asilimia 5 ya kodi ya mwaka iliyogawanywa kwa miezi 12, kwa mfano wetu dirhamu 200. Tangazo halitaji ada hiyo, na kwa mwaka ni 2,400, karibu sawa na udalali wenyewe.

Anayekwenda kwa miezi michache kufuata bidhaa hana sababu ya kuingia katika mkataba wa mwaka. Anayekwenda kwa ajira adai makazi ya mwajiri yaandikwe katika mkataba wa kazi kabla ya kupanda ndege, maana kitanda katika chumba cha kushirikiana ni nafuu kweli, lakini chumba kikiwa kimepangishwa tena bila mwenye nyumba kuridhia, anaweza kutolewa asubuhi moja na hana karatasi ya kuonyesha.

Japani

Japani nitaipitia kwa haraka, kwa sababu wanaokwenda ni wachache na wengi wao huandaliwa malazi na chuo. Aliyeachwa ajitafutie mwenyewe ajue kwamba huko fedha isiyorudi ni kubwa kuliko kwingine kote nilikotaja. Kuna shikikin, ambayo ni amana. Kuna reikin, ambayo ni kilemba hasa, kwa maana ileile ya anayechukua fremu ya biashara sokoni kwetu: fedha anayopewa mwenye nyumba kama shukrani, nayo hairudi. Kuna ada ya dalali, ambayo inaweza kufika kodi ya mwezi mmoja pamoja na kodi ya serikali ya asilimia 10. Kuna kampuni ya kumdhamini mpangaji, ambayo mara nyingi hutaka kati ya nusu ya kodi ya mwezi na mwezi mzima. Huongezeka bima ya moto na gharama ya kubadilisha kitasa, na katika eneo la Tokyo ni kawaida kulipa kodi ya mwezi mmoja zaidi kila baada ya miaka miwili ili mkataba uendelee.

Kwa chumba cha yeni 70,000 kinachotaka yote hayo, kilemba 70,000, dalali 77,000 na mdhamini 35,000 ni yeni 182,000 zisizorudi, kabla ya bima na kitasa. Si kila chumba kinadai kilemba, na matangazo huonyesha wazi, kwa hiyo mwombaji achuje kwa kigezo hicho kwanza. Nyumba za shirika la umma liitwalo UR hazina kilemba, udalali, ada ya kuendeleza mkataba wala sharti la mdhamini, isipokuwa hutaka uthibitisho wa kipato au akiba.

Zikiwekwa bega kwa bega

Tukipima kwa kodi ya mwezi badala ya sarafu, fedha isiyorudi ni sifuri England, sifuri Ujerumani endapo jiko lipo, karibu theluthi mbili ya mwezi Dubai, na zaidi ya miezi miwili na nusu Japani kwa chumba chenye kilemba. Kigoma kwetu ni mwezi mmoja wa dalali. Amana ni wiki tano England, hadi miezi mitatu ya kodi baridi Ujerumani, kama mwezi mmoja Dubai ukijumlisha ya umeme, na mwezi mmoja hivi Japani, ambako gharama ya usafi hukatwa humo mara nyingi.

Kwa anayesoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja na mwenye fedha taslimu kidogo ya kuanzia, kwa upande wa nyumba peke yake ningechagua England chini ya utaratibu mpya wa mwezi mmoja mbele, kwa kuwa vyumba vingi vya wanafunzi vina samani na anatoka bila kuacha kitu. Kwa anayekaa miaka miwili au zaidi ningechagua Ujerumani bila kusita, lakini hosteli au nyumba ya kushirikiana, si nyumba tupu. Nyumba tupu ya Kijerumani ina notisi ya miezi mitatu na jiko la kununua, na kwa mtu wa mwaka mmoja ni hasara. Dubai ninaipendekeza kwa mwenye mwajiri anayetoa makazi. Japani, chuo kikitoa hosteli asiikatae.

Kuna gharama moja ambayo si ya nchi yoyote kati ya hizo, ni ya kwetu: kutuma fedha kutoka hapa. Benki hukata ada yake, benki za kati hukata zao, na bei ya kubadilisha sarafu nayo ina faida ndani yake. Mjazaji wa fomu akichagua ada zigawanywe, pauni 1,400 zinaweza kufika 1,375, na wakala wa huko atasema malipo hayajakamilika. Achague ada zote zibebwe na mtumaji, atume siku kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho, na asitume chochote kwa mtu binafsi anayedai yuko safarini na atatuma ufunguo kwa posta. Chumba kionwe na mtu aliyeko huko, hata kama ni mwanafunzi mwenzake aliyempata kupitia ofisi ya chuo.

Na amana ifuatiliwe hadi mwisho wake. England mkikubaliana juu ya makato, hurudi ndani ya siku 10. Ujerumani sheria haitaji siku, na mwenye nyumba anaweza kuishikilia kwa miezi kadhaa akisubiri hesabu za maji na joto. Wanafunzi wetu wanaomaliza masomo hufunga akaunti ya benki wiki ya kuondoka, wakarudi Kigoma, na euro 1,500 zikakosa pa kuingia. Binti wa dada yangu aliacha akaunti yake wazi kwa miezi saba baada ya kurudi, akaacha kwa mwenye nyumba anwani ya posta ya hapa Mwanga, na kila mwanzo wa mwezi alimwandikia mistari miwili ya kukumbusha. Fedha iliingia katika mwezi wa sita tangu arudi, pamoja na riba ya euro chache.